Je, wajua kwa nini programu hukawia kufunguka asubuhi na mchana hufunguka mara moja?

Katika saiba nyingi za Kisumu, Nakuru na Kakamega, mteja wa kwanza wa siku ndiye anayengoja zaidi. Amefika saa mbili asubuhi kuchapisha barua ya kuomba kazi, mhudumu amebofya alama ya LibreOffice, na kompyuta inanguruma tu. Sekunde 15 zinapita, 20, wakati mwingine 30. Ikifika saa tano, mteja mwingine anafunguliwa programu ile ile, kwenye kompyuta ile ile, kwa sekunde 3. Hakuna aliyeongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) wala kugusa mipangilio. Tofauti hii huonekana waziwazi kwenye laptopu za mtumba zenye mfumo wa Linux, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Ukijua inatoka wapi, utajua pia dawa ipi inaifaa mashine yako na ipi itakula pesa zako bure.

Ukibofya alama ya programu, keneli, yaani moyo wa Linux, haiibebi programu nzima kama gunia moja. Huanza na faili moja, kisha kiunganishi kiitwacho `ld.so` husoma orodha ya maktaba zinazohitajika. Maktaba ni mafungu ya msimbo yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja: hii ya kuchora madirisha, ile ya fonti, nyingine ya picha. Programu kubwa inaweza kuhitaji maktaba zaidi ya mia. Andika hivi kwenye terminali uone za GIMP, programu ya kuhariri picha:

`ldd /usr/bin/gimp | wc -l`

Baada ya maktaba huja alama ndogo ndogo za menyu, fonti, mipangilio yako na kamusi za tahajia. Zote ni faili tofauti zilizotawanyika sehemu mbalimbali za diski. Ni kama kutumwa soko la Kibuye na orodha ya vitu 40, kila kimoja na kibanda chake: omena huku, sufuria kule, kamba ya nailoni upande wa pili kabisa. Kubeba vitu si kazi. Kazi ni kutembea.

Diski ya kuzunguka hutembea kwelikweli. Diski ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Kwa wastani utangoja nusu ya mzunguko, milisekunde 5.6, ili data unayotaka ifike chini ya kichwa cha kusomea. Kabla ya hapo, mkono wa diski lazima usogee hadi mahali penyewe, na hapo huenda milisekunde 12 hivi. Jumla ni kama milisekunde 17.6 kwa kila safari. Programu inayohitaji safari 600 itatumia zaidi ya sekunde 10 kutembea tu, hata kama data yote ni MB 50. SSD, yaani diski ya chipu, haina mkono wala kinachozunguka. Safari moja huchukua kama milisekunde 0.1, na safari zile zile 600 humalizika kabla hujapepesa jicho.

Mchana hali hubadilika kwa sababu Linux haitupi inachokwisha kusoma. Kila kipande kilichotoka kwenye diski hubaki ndani ya RAM, katika sehemu iitwayo kashe, hata baada ya programu kufungwa. Ukiifungua tena, keneli huchukua vipande hivyo kutoka RAM na diski haiguswi kabisa. Andika `free -h` utazame safu ya `buff/cache`. Nambari ile kubwa ni akiba, na programu ikihitaji nafasi, keneli huipunguza papo hapo. Kinachokuambia RAM iliyopo kweli ni safu ya `available`.

Kuna ushauri unaozunguka sana wa kuweka amri ya kumwaga kashe kila saa ili "kusafisha RAM". Usiufuate. Anayefanya hivyo anaifanya kila saa ya siku iwe saa mbili asubuhi. Amri hiyo ina kazi moja ya maana, nayo ni kupima. Inakurudishia hali ya baridi bila kuzima mashine:

`sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches`

Funga madirisha yote ya LibreOffice, mwaga kashe, kisha pima mara mbili mfululizo:

`time libreoffice --terminate_after_init`

Amri hii huiwasha programu na kuizima ikishamaliza kujiandaa. Utapata mistari mitatu. `real` ni muda wa saa ya ukutani. `user` na `sys` ukizijumlisha ni muda ambao prosesa ilikuwa kazini hasa. Tuseme `real` ni sekunde 18, na hizo mbili pamoja ni sekunde 3: prosesa ilikaa bure sekunde 15 ikingoja kitu. Kama mara ya pili `real` imeshuka hadi 3, kilichongojwa ni diski. Kama mara ya pili bado ni 18, diski haina hatia, na hata ukinunua SSD leo hutaona nafuu kubwa. Na kama `real` inakaribiana na jumla ya `user` na `sys`, prosesa yenyewe ndiyo imelemewa. Kipimo hiki cha dakika mbili kifanye kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Tuanze na diski, kwa kuwa ndiyo mkosaji wa mara kwa mara. Hakikisha kwanza ni ya aina gani:

`cat /sys/block/sda/queue/rotational`

Jibu la 1 ni diski ya kuzunguka, 0 ni SSD. Kama ni ya kuzunguka, iangalie afya kabla ya jambo lingine lolote. Sakinisha `smartmontools`, uandike `sudo smartctl -a /dev/sda`, utafute mistari ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Nambari ya mwisho wa mstari inapaswa kuwa 0. Sekta zinazosubiri, yaani vipande vya diski visivyosomeka vizuri, zikiwa hata chache, diski inarudia kusoma pale pale tena na tena kabla ya kufaulu, na programu inayoangukia hapo hukwama sekunde kadhaa. Diski kama hiyo imeanza kufa. Nakili kazi zako leo.

SSD ndiyo dawa ya kudumu, na hata ya GB 120 inatosha kwa Linux na kazi za ofisi. Fungua kifuniko kwanza ujue nafasi iliyopo. Laptopu nyingi za zamani hupokea diski ya inchi 2.5 ya SATA, lakini baadhi zina nafasi ya M.2, ya SSD nyembamba, na si kila M.2 hupokea NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi. Nyingine zinakubali M.2 ya SATA tu. Kuhamisha mfumo bila kusakinisha upya, iunganishe SSD kwa kebo ya USB, washa kompyuta kwa fleshi yenye Linux ya majaribio, tambua diski zote kwa `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL`, kisha:

`sudo dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync`

Hapa `if` ni diski ya zamani na `of` ni mpya. Ukizigeuza, utaandika utupu juu ya kazi zako zote na hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo soma mstari mara tatu kabla ya kubonyeza kitufe. SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani hata kwa baiti moja, la sivyo mwisho wa data utakatika. Ikiwa ni ndogo, ni afadhali kusakinisha upya na kunakili folda ya `/home`. Ukimaliza, usiwashe kompyuta diski zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Zina UUID, yaani vitambulisho, zinazofanana, na mfumo unaweza kuanza kwenye ile ya zamani bila wewe kujua. Siku hiyo hiyo hakikisha `systemctl status fstrim.timer` inasema `active`, kwa kuwa kazi hiyo ya kila wiki huiarifu SSD sehemu zilizo tupu ili iendelee kuandika kwa kasi.

Kama pesa ya SSD haijapatikana, kuna njia tatu zisizogharimu kitu.

Ya kwanza ni kuilaza kompyuta jioni badala ya kuizima. Ikilala, RAM huendelea kupata umeme kidogo na kashe yote hubaki, kwa hiyo saa mbili ya kesho itakuwa kama saa tano ya leo. Laptopu yenye betri nzima huvumilia usiku kucha hata stima ikipotea. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS haiwezi: stima ikikatika tu, kashe yote imekwenda, na kazi isiyohifadhiwa imekwenda nayo.

Ya pili ni kuipasha moto kabla mteja hajafika. Weka amri hii katika orodha ya programu zinazoanza zenyewe baada ya kuingia:

`sh -c 'sleep 20; cat /usr/lib/libreoffice/program/*.so > /dev/null'`

Husoma maktaba za LibreOffice na kuzitupa, lakini nakala hubaki kwenye kashe. Mhudumu akiwa bado anapanga viti na kuwasha printa, diski imekwisha kutembea. Kwenye RAM ya GB 4 pasha programu moja au mbili tu zinazotumika kila siku. Ukipasha tano zitafukuzana, na utarudi pale ulipoanza.

Ya tatu huwashangaza hata watu waliotumia Ubuntu na Debian miaka mingi. Mifumo hii ina kazi ya kila siku iitwayo `apt-daily-upgrade.timer`, iliyopangwa saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta ikiwa imezimwa saa hiyo, kazi haifutwi. Inangoja. Ukiwasha mashine saa mbili kasoro, inaanza kusakinisha masasisho ndani ya saa moja ya kwanza, na mkono wa diski unagawanywa kati ya masasisho na barua ya mteja wako. Usiizime, kwa sababu masasisho hayo ndiyo yanayoziba matundu ya usalama. Isogeze. Andika `sudo systemctl edit apt-daily-upgrade.timer`, uweke mistari hii:

`[Timer]`
`OnCalendar=`
`OnCalendar=*-*-* 13:00`

Mstari wa pili ulio mtupu ni wa lazima. Usipouweka, saa ya zamani itabaki pamoja na mpya. 13:00 ni saa saba mchana, watu wanapokwenda kula. Ukitaka diski iwape kipaumbele wanaofungua programu hata masasisho yakiendelea, jaribu kipangaji cha zamu za diski kiitwacho BFQ, kilichoingia kwenye keneli ya 4.12 mwaka 2017:

`sudo modprobe bfq; echo bfq | sudo tee /sys/block/sda/queue/scheduler`

Badiliko hili hufutika ukizima mashine. Ukilipenda, lifanye la kudumu kwa kanuni ya udev, huduma inayopanga vifaa mashine inapowaka. Kwenye SSD faida yake ni ndogo, acha lilivyo.

RAM ikiwa finyu, kashe haina mahali pa kukaa. Kivinjari chenye vichupo 15 kinaweza kula GB 3 peke yake, na kwenye mashine ya GB 4 keneli hulazimika kufukuza maktaba za LibreOffice ili kukipa nafasi. Hapo ndipo programu hukawia hata mchana. Kuongeza kijiti kingine cha GB 4 ni bora kuliko ujanja wowote, lakini angalia kwanza kama ni DDR3, DDR3L au DDR4, kwa maana haviingiliani ovyo. Kwa sasa sakinisha `zram-tools`. Katika faili ya `/etc/default/zramswap` weka `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Kurasa zisizotumika zitabanwa ndani ya RAM yenyewe badala ya kupelekwa kwenye diski. Hakiki kwa `zramctl`.

Kisha kuna Snap. Kwenye Ubuntu 22.04 na matoleo yaliyofuata, Firefox huja kama Snap, yaani faili moja iliyobanwa ambayo mfumo huifungua kipande kwa kipande inaposomwa. Kwenye prosesa dhaifu na diski ya kuzunguka, ufunguzi wa kwanza baada ya kuwasha mashine huwa mzito kuliko wa paketi ya kawaida ya deb. Mozilla ina hazina yake, yaani ghala la paketi, ya deb kwa ajili ya Firefox, nayo hufanya kazi vizuri. Watu hukosea mahali pawili. Wasipoweka kipaumbele cha 1000 kwa hazina hiyo ndani ya `/etc/apt/preferences.d/`, sasisho linalofuata litawarudishia Snap kimyakimya. Na wakiondoa Snap kabla ya kunakili folda ya `~/snap/firefox/common/.mozilla`, wanaweza kupoteza alamisho na nywila za wateja wao. Linux Mint, kuanzia toleo la 20, haileti Snap, na Firefox yake ni deb tangu mwanzo.

Huenda umesikia kuhusu `preload`, huduma iliyoandikwa na Behdad Esfahbod mwaka 2005 ambayo hukisia utakachofungua na kukisoma mapema. Wazo ni zuri, lakini kwenye SSD hutaona tofauti, na kwenye RAM ndogo huweza kujaza kashe kwa vitu usivyovihitaji. Ile amri ya `cat` hapo juu inalenga vizuri zaidi, kwa kuwa wewe unaijua saiba yako. `prelink`, iliyounganisha maktaba mapema, imeachwa na mifumo mingi, isahau. Kuweka `noatime`, ili diski isiandike saa ya kila usomaji, hakukupi kitu kikubwa, kwa sababu keneli hutumia `relatime` bila kuulizwa tangu mwaka 2009.

Turudi kwa programu inayokawia sawasawa asubuhi na mchana, huku prosesa imekaa bure. Hapa hesabu sekunde, maana nambari yenyewe humtaja mkosaji.

Ikikwama sekunde 5 au 10, shuku DNS, huduma inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani. Linux ikiuliza anwani na seva isijibu, hungoja sekunde 5, kisha hujaribu tena kwa sekunde 5 nyingine. Programu nyingi huuliza jina la mtandao zinapoanza, na intaneti ikipotea huku ruta bado inawaka, zinangoja jibu ambalo halitakuja. Jaribu kuondoa mtandao kabisa. Programu ikifunguka upesi, umempata. Ndugu wa tatizo hili ni jina la kompyuta yenyewe. Aliyelibadilisha kuwa `saiba3` bila kulirekebisha katika `/etc/hosts` huenda ameifanya mashine iulize mtandaoni jina lake mwenyewe. Mstari wa `127.0.1.1 saiba3` humaliza shida.

Ikikwama sekunde 25 kamili, hiyo ni D-Bus, njia ambayo programu hutumia kuzungumza. Muda wake wa kungoja jibu ni sekunde 25, na mara nyingi asiyejibu ni `xdg-desktop-portal`, huduma ndogo ya mazingira ya dirisha. Hutokea zaidi kwenye mashine iliyosakinishiwa mazingira mawili ya dirisha, mfano GNOME na XFCE, au pale huduma hiyo inapoanza bila kujua skrini iko wapi. Tazama `journalctl --user -b -p warning`. Tiba ya haraka ni `dbus-update-activation-environment --systemd DISPLAY XAUTHORITY` kisha `systemctl --user restart xdg-desktop-portal`. Ikisaidia, weka ile ya kwanza ianze pamoja na mazingira yako, na uondoe portali ya mazingira usiyoyatumia.

Nambari isipofanana na hizo, iache programu ijieleze yenyewe:

`strace -f -tt -T -o /tmp/njia.txt jina-la-programu`
`grep -E '<[1-9][0-9]*\.[0-9]+>' /tmp/njia.txt`

Amri ya pili huchuja miito (maombi ya programu kwa keneli) iliyochukua sekunde moja au zaidi. Usishtuke kuona mistari ya `futex` na `poll` yenye muda mrefu: nyuzi nyingi (vijikazi ndani ya programu) hungoja kazi tu, na hilo ni la kawaida. Tafuta anwani za mtandao na njia za faili karibu na saa uliyoona mkwamo. Katika saiba, printa ya mtandaoni iliyozimwa au folda ya pamoja ya kompyuta isiyowashwa hujitokeza hapa.

Limebaki joto. Kisumu mchana ni moto, na laptopu iliyokaa miaka mitano mezani, feni imejaa vumbi, hupunguza kasi ya prosesa ili isiungue. Dalili zake ni kinyume cha tulizoanza nazo: asubuhi ni nyepesi, saa nane mchana ni nzito, na katika `time`, `user` imepanda badala ya `real` peke yake. Sakinisha `lm-sensors`, andika `sensors`, na kwenye dirisha la pili `watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`. Nyuzi joto zikigonga 90 na MHz zikianguka hadi 800 huku programu ikifunguka, zima mashine, toa betri, shika mabawa ya feni yasizunguke, upulize vumbi kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa ule uji mkavu wa kupitisha joto kati ya prosesa na bamba la shaba umepasuka, ufute kwa spiriti na uweke mpya, kiasi cha punje moja ya mchele. Kisha rudia `time` ile ile, saa ile ile ya joto, ulinganishe `user` ya leo na ya jana.